Kasoro Moja ya Aliye Juu Yako

Kabla Farhiya Abdinasir hajaweka milango, mijadala ya darasa lake la mtandaoni ilikuwa na tabia ya mazishi: watu walifika wamechelewa, wakasema maneno mazuri juu ya kila mtu, wakaondoka. Swali liliwekwa Jumatatu asubuhi. Wiki nzima ikapita kimya. Jumapili jioni, makataa yakikaribia, darasa zima liliingia kwa pamoja na kila mmoja akaandika kwamba anakubaliana na mwenzake. Aliyetangulia hakuwa na mtu wa kukubaliana naye, lakini hata yeye alikubaliana. Farhiya alisahihisha mijadala ya namna hiyo muhula mzima. Mwisho wake akawa na ushahidi wa maandishi kwamba hakuna ugomvi wowote Kisii wala Nyamira juu ya malezi ya watoto, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia sokoni Daraja Mbili lilikuwa gumu kuamini.

Alikuwa mkufunzi katika chuo cha walimu mjini Kisii, upande wa masomo ya mbali. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, walimu tayari, wengi wao wa chekechea na madarasa ya chini, wanaotafuta stashahada huku wakiendelea na kazi. Mchana walifundisha, jioni walichuma chai au kukata majani ya ng'ombe, na katikati ya hayo walisoma kwenye simu. Chuo kiliamua kwamba mijadala ibebe sehemu kubwa ya alama, kwa sababu mtihani unaweza kumkuta mtu siku mbaya lakini mjadala unamkuta wiki nzima. Hivyo ndivyo mkuu wa idara, bwana Jasper Momanyi, alivyoeleza. Yeye mwenyewe hakuwahi kusahihisha mjadala hata mmoja.

Milango ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulifungwa Jumanne: kila mtu aweke jibu lake mwenyewe, na mfumo haumwonyeshi ya wengine mpaka aweke lake. Wa pili ulifungwa Alhamisi: katika kikundi chako cha watu wanne, soma alichoandika aliye juu yako kwenye orodha, utaje kasoro moja, umuulize swali moja. Aliye juu kabisa anamsoma aliye chini kabisa. Wa tatu ulifungwa Jumapili jioni: uliyeulizwa, jibu. Mlango ukifungwa umefungwa, na mfumo hausikii habari za mvua wala za bando kuisha. Atakayeandika "nakubaliana" kwenye mlango wa pili atapata sifuri.

Haikuwa rahisi kuzipata siku hizo. Mwanzoni mlango wa pili ulifungwa Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza hakuna aliyeingia isipokuwa Wakatoliki wachache na Sabir, mwalimu wa chekechea ya msikitini. Farhiya alidhani mfumo umeharibika akampigia fundi. Fundi alikuwa kanisani. Ndipo alipokumbuka kwamba zaidi ya nusu ya darasa lake ni Wasabato, na kwamba kuanzia Ijumaa jua likizama simu zao zipo lakini wao hawapo. Akausogeza mlango hadi Ijumaa. Sabir akauliza kwa upole kama chuo kinajua Ijumaa ni siku gani. Akausogeza tena hadi Alhamisi, ambayo hakuna dini yoyote Kisii inayoidai, na akaiona kazi imekwisha. Mamake, mzee Ubah, aliyekuwa akipima kitambaa cha pazia dukani wakati bintiye akimweleza ushindi huo, aliuliza kama sasa watu watagombana vizuri. Farhiya alisema ndiyo. Mamake akasema ni chuo cha ajabu.

Farhiya alizaliwa Kisii mjini na hakuona sababu ya kuishi kwingine. Baba yake aliuza makoti ya mitumba Daraja Mbili kabla familia haijapata duka mjini, na ni pale sokoni, kabla ya kuanza shule, alipojifunza Ekegusii, lugha ya Wakisii, kutoka kwa wanawake waliokuwa wakimshutumu baba yake kwa bei ya makoti. Kwa hiyo Ekegusii chake kilikuwa safi na kilikuwa cha vita. Kilijua kuteremsha bei, kukejeli, kuapa na kujifanya kinaondoka. Walimu walipokutana naye mara ya kwanza, wakaona mama wa Kisomali mwenye hijabu akiwajibu kwa lafudhi ya Daraja Mbili, walicheka, kisha wakaacha kabisa kumweleza mambo. Hakuna anayemweleza mwenyeji njia ya kwenda kwake.

Kikundi cha nne kilikuwa na watu hawa, kwa mpangilio wa namba zao za usajili. Juu kabisa alikuwa Manasseh Onyiego, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi upande wa Nyansiongo, mtu wa sauti ndogo na tai kubwa, aliyeanza stashahada hii ujanani akaiacha, na sasa, akikaribia kustaafu, hakutaka kwenda nyumbani na kitu ambacho hakijaisha. Chini yake alikuwa Valentine Bitutu, mwalimu wa chekechea Sironga. Wa tatu alikuwa Sabir. Wa nne alikuwa Nyamusi, mwalimu wa miaka mingi ambaye kila jibu lake lilianza na habari za mtoto fulani aliyewahi kufundishwa naye na mara nyingi lilikwisha kabla ya kutoka kwa mtoto huyo.

Valentine ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Alifundisha kwa mkataba, na halmashauri ya shule ilikuwa imemwambia waziwazi: akileta stashahada kabla ya mwaka kwisha, nafasi ya kudumu ni yake, asipoileta, yuko mwingine ambaye tayari anayo. Somo lililobaki kwake lilikuwa moja, hili la Farhiya, Ukuaji wa Mtoto, na hufundishwa mara moja kwa mwaka.

Mjadala wa kwanza ulihusu michezo kama njia ya kujifunza. Manasseh aliandika kwamba michezo ni mizuri mradi mwalimu aiongoze na kila mtoto aseme amejifunza nini. Alhamisi ikafika. Chini yake Valentine aliandika: "Nakubaliana na mwalimu kwa kila neno." Sifuri. Jumapili Manasseh akajibu: "Asante sana." Sifuri.

Mjadala wa pili ulihusu adhabu. Safari hii Valentine alilikwepa neno lililokatazwa. Aliandika: "Mwalimu ameeleza vizuri na hakuna la kuongeza." Farhiya alimwandikia kando, kwa ustahimilivu, kwamba hakuombwa kuongeza, ameombwa kupunguza. Valentine alijibu kwamba ameelewa, na akashukuru.

Kilichomchanganya Farhiya ni Kibaraza. Hiyo ilikuwa sehemu ya mfumo isiyo na alama, ambapo walimu walizungumza walivyotaka, na humo Valentine alikuwa moto. Mwalimu mmoja wa Nyamira alisifu kuwapanga watoto kwa alama zao. Valentine alimuuliza maswali hadi mwalimu huyo akafuta alichoandika. Bwana Momanyi aliwahi kuweka humo tangazo kuhusu ada ya vitambulisho. Valentine alimwonyesha kwamba aya ya pili inaikanusha ya kwanza. Mtu huyu hakuwa na upungufu wa kasoro. Alikuwa nazo za kugawa. Ila Alhamisi ikifika, mbele ya mzee mmoja mwenye tai, zilimwishia.

Farhiya alimpigia simu. Valentine alisema ni mtandao. Kisha akasema pia bando. Kisha mtoto alikuwa na homa.

"Valentine, mtandao wa Sironga unakatika Alhamisi peke yake?"

"Alhamisi ndiyo mbaya zaidi, mwalimu."

Alimpigia Manasseh pia, kwa kuwa naye alikuwa akikusanya sifuri upande wake. Manasseh alisema kwamba haulizwi kitu, na mtu asiyeulizwa hawezi kujibu. Alisema hilo bila malalamiko. Farhiya alipouliza kama kuna tatizo lolote kati yake na mwalimu Bitutu, alisema hakuna kabisa, ni mwalimu mzuri sana, na akauliza hali ya hewa ya Kisii.

Mjadala wa tatu ulikuwa juu ya kubalehe. Swali lilisema: eleza mabadiliko ya mwili kwa msichana na kwa mvulana, na useme ungeyafafanua vipi mbele ya darasa. Sabir aliandika kurasa. Nyamusi aliandika habari za msichana mmoja wa zamani. Manasseh, ambaye siku zote alijibu swali aliloulizwa, aliandika kwamba mtoto anayekua anahitaji lishe bora, hasa uji wa wimbi, na usafi. Valentine hakuandika kitu. Mlango wa Jumanne ulifungwa, na kwa kuwa hakuwa ameingia wa kwanza, hata wa pili haukumruhusu. Mfumo ukalipaka jina lake rangi nyekundu. Maana ya rangi hiyo ilikuwa kwamba hata akipata alama zote za mtihani, hatafika.

Sasa Farhiya alikuwa na maelezo yake. Fomu zilionyesha kwamba wote wawili wanakaa Sironga; Sironga kuna mashamba, mashamba yana mipaka, na mipaka ina walimu wa pande mbili. Aliamua kwamba hawa wawili wamegombana juu ya ardhi au ng'ombe, na kwamba wako wastaarabu mno kusema. Mamake alimuuliza kama ana hakika. Farhiya alisema dalili zote zipo.

Mara moja kwa muhula darasa hukutana ana kwa ana, Jumapili, katika ukumbi wa shule moja Sironga, ili watu waone kwamba mkufunzi wao ni mtu kweli. Farhiya aliitumia siku hiyo kuwapatanisha. Alipoingia ukumbini alipata uthibitisho mpya: Manasseh alizunguka akiwasalimia wenzake mmoja mmoja kwa mkono, na alipomfikia Valentine mkono ulirudi mfukoni, wakaambiana "bwakire" kila mmoja akitazama upande wake, basi. Farhiya akasema moyoni kwamba huo ni ugomvi wa ng'ombe.

Alikiketisha kikundi cha nne kwenye kona, viti vimeelekeana. Valentine aligeuza chake kidogo. Farhiya akaeleza kwamba leo watafanya mlango wa pili kwa mdomo, bila mtandao, ili asije mtu akausingizia mtandao.

"Valentine, mwalimu Onyiego yuko hapa. Rudi kwenye yale ya michezo. Mtajie kasoro moja."

Valentine alitazama sakafu.

"Hata ndogo."

"Hana kasoro, mwalimu."

"Mimi ninazo tatu," alisema Sabir.

"Sabir, si zamu yako."

Farhiya alidhani labda ni lugha. Kiswahili cha darasani humfanya mtu awe mgeni kwa jirani yake. Akalirudia ombi kwa Ekegusii, na kwa kuwa Ekegusii alichokuwa nacho ni kile tu, lilitoka kama anamtaka Valentine aseme koti hili lina tobo wapi. Walimu wa vikundi vya karibu waliacha kuzungumza. Nyamusi alifungua mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Manasseh alisimama, akanyoosha tai.

"Ngojeni nikaangalie pikipiki. Nimeiacha juani."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake taratibu, na kupitia dirishani walimwona akiwa amesimama chini ya mchirizi wa paa, mgongo kwao, mbali na pikipiki.

Hapo Valentine alikigeuza kiti chake kikatazama mbele. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba maandishi ya michezo yana kasoro kubwa moja. Yanamtaka kila mtoto aseme amejifunza nini. Yako wapi ya mtoto asiyesema? Chekechea ina watoto ambao hawatamki neno hadi muhula wa pili, na wanajifunza kushinda wanaosema, na mwalimu anayengoja waseme atawaandika kuwa hawajui. Alitoa mfano wa mtoto mmoja wa darasa lake, aliyepanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa siku nzima bila kutoa sauti. Kisha akauliza swali: mwalimu angempima mtoto huyo kwa njia gani? Ilikuwa kazi bora kuliko yoyote iliyopita mlango wa pili muhula huo, na aliyekusudiwa alikuwa nje akinyeshewa.

"Sasa mbona hukumwambia akiwa hapa?" Farhiya aliuliza.

Nyamusi aliuacha mkoba.

"Mwalimu, huyo ni baba mkwe wake."

"Nani?"

"Huyo wa pikipiki. Valentine ameolewa na mwanawe wa pili. Wako boma moja, hapo tu nyuma ya kiwanda cha chai."

Farhiya alimtazama Sabir. Sabir alisema naye amejua wiki iliyopita tu, kwa hiyo asitazamwe hivyo.

"Na ninyi wengine mlijua?"

"Sisi sote," alisema Nyamusi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua. Unaongea Ekegusii kutushinda. Tukasema, kama mwalimu anajua na bado amewaweka hivyo, basi ni sera ya chuo."

Jambo lenyewe halihitaji maelezo marefu kwa aliyekulia huko, na Farhiya, ambaye alikuwa amekulia huko lakini kwenye meza ya makoti, ilibidi aelezwe. Huitwa chinsoni, ni heshima na haya kwa pamoja. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hamshiki mkono mke wa mwanawe. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao, hata kwa mzaha, hata kwa kitabu cha biolojia. Na mke wa mwana hamwambii baba mbele za watu kwamba amekosea. Si chuki, na si ushamba ambao shahada huufuta; wenye shahada ndio huikumbuka heshima hii zaidi, kwa kuwa wana mengi ya kukosoana. Ni namna ya watu wengi kukaa boma moja bila kuumizana. Majina nayo hayakusaidia. Kitambulisho cha Valentine kilikuwa na jina la baba yake mzazi, kwa hiyo mfumo ulimwona kama mtu mwingine tu wa Sironga.

Na kwa nini namba zao zilifuatana? Kwa sababu, Valentine alieleza, Manasseh mwenyewe ndiye aliyemtaka asome. Alipoamua kurudi chuoni alimwambia mwanawe amwambie mkewe ajaze fomu, akazibeba za wote wawili katika bahasha moja hadi Kisii, akazikabidhi pamoja. Karani akaandika namba moja, kisha inayofuata.

"Nikifeli, mwalimu, nitafeli," Valentine alisema. "Lakini siwezi kuandika jina la baba halafu kasoro chini yake, watu wakasoma. Na ile ya kubalehe hata usiitaje."

Siku iliyofuata Farhiya alikwenda kwa bwana Momanyi. Jasper Momanyi, mzaliwa wa Nyamira, alielewa kabla Farhiya hajafika katikati ya maelezo, na kuelewa kwake hakukusaidia chochote. Alisema mfumo haujui mkwe. Farhiya aliomba aruhusiwe kuingiza alama kwa mkono, kwa yale aliyoyasikia kwa masikio yake. Bwana Momanyi alisema alama za mkono zilipigwa marufuku baada ya mkufunzi mmoja kuwa na mkono mwepesi. Aliomba milango ifunguliwe upya. Akaambiwa milango hufunguka upya kwa njia moja tu: kikundi kikibadilika wanachama, mfumo hukihesabu kuwa kipya na kukipa wiki moja ya kurudia mijadala yote. Wanaobaki huhifadhi walichonacho. Anayehamishwa huenda bila kitu. Na kwa kuwa vikundi vingine vilikuwa vimeshamaliza, anayehamishwa hana pa kuanzia isipokuwa mwakani.

"Kwa hiyo lazima mmoja apotee," alisema Farhiya.

"Mmoja ahame," alisema bwana Momanyi.

Farhiya alimuuliza kama yeye angeweza kuandika kasoro moja ya mama mkwe wake kwenye ubao wa idara. Bwana Momanyi alisogeza kalamu zake, akazipanga upya, akasema kwamba mazungumzo yamekwisha na kwamba sahihi yake ya kumhamisha mmoja ataipata.

Farhiya alimpigia Manasseh jioni hiyo, akiwa dukani, mamake akifunga. Alikuwa ameandaa utangulizi mrefu. Ulikuwa na pole ndani yake, na ulikuwa na sentensi kuhusu makosa ya chuo ambayo kwa hakika yalikuwa makosa yake. Hakufika mbali.

"Nihamishe mimi," alisema Manasseh.

"Utapoteza muhula mzima, mwalimu. Itabidi uanze upya mwakani."

"Mwakani nitakuwepo."

"Ulitaka umalize kabla ya kustaafu."

"Nitamaliza nikiwa nimestaafu. Nitakuwa na muda wa kusoma hayo maagizo yako." Akaongeza: "Ila usimwambie mimi ndiye niliyeomba. Mwambie ni mtambo."

Farhiya alikubali. Alidhani wamemaliza, lakini simu haikukatwa.

"Nilipotoka nje," alisema Manasseh, "alisema nini?"

Farhiya hakujua kama hilo nalo linaruhusiwa. Alimtazama mamake, ambaye alikuwa akikunja pazia na hakuwa wa msaada. Mwisho akasema kwamba mwalimu Bitutu aliuliza ni vipi atapimwa mtoto anayejifunza bila kusema.

Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Ni kweli," alisema Manasseh. "Hao niliwasahau."

Tangazo lililotoka siku iliyofuata lilisema kwamba mfumo umefanya marekebisho katika kikundi cha nne kwa sababu za kiufundi. Ndani ya saa chache Valentine alimpigia mkufunzi wake. Hakuuliza kitu. Alisema ameona mtambo umemhamisha baba.

"Ndiyo, ni mtambo," alisema Farhiya, ambaye sokoni aliwahi kuapa kwa mambo mazito zaidi.

"Una adabu, huo mtambo wenu."

"Tunajitahidi."

"Ukikutana nao, mwalimu, uupe asante yangu. Mimi siwezi kuupa mwenyewe."

Wiki ya kurudia ilikuwa ya kazi. Aliye juu kabisa sasa alikuwa Valentine mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kumsoma aliye chini kabisa, yaani Nyamusi, na Alhamisi Nyamusi aliamka akakuta yule msichana wake wa zamani amechambuliwa hadi amebaki mifupa mitupu. Alimpigia Farhiya kuuliza kama utaratibu wa kwanza hauwezi kurudishwa. Aliambiwa ajibu kabla ya Jumapili. Alijibu, na kwa mara ya kwanza katika stashahada yake jibu halikuwa na mtoto mwingine yeyote isipokuwa aliyeulizwa. Juu ya kubalehe Valentine aliandika kila kitu kwa jina lake, cha wasichana na cha wavulana, pamoja na la kusema darasani pindi wavulana wa nyuma wanapoanza kucheka. Sabir aliuliza kwenye Kibaraza kama anaweza kulitumia kama lilivyo. Alikubaliwa.

Rangi nyekundu ilitoka. Valentine hakupita kwa kishindo, kwa kuwa mtihani ulimkuta siku ambayo mtoto alikuwa na homa, na safari hii homa ilikuwa ya kweli. Alipita. Stashahada ilifika halmashauri ya shule kabla ya mwaka kwisha, nafasi ikawa yake, na yule mwingine aliyekuwa nayo tayari akapata shule upande wa Borabu.

Mwaka uliofuata fomu ya usajili ilikuwa na swali jipya, lililotungwa na Farhiya: je, kuna mtu katika darasa hili ambaye huwezi kumkosoa? Alitarajia wakwe. Wakwe walikuwepo, pamoja na mama wadogo na baba wa ubatizo. Lakini wengi zaidi waliandika walimu wakuu wao, wawili waliandika bwana Momanyi, ambaye hakuwa mwanafunzi, na mwanamume mmoja kutoka Nyamira mjini aliandika mke wake, bila maelezo. Bwana Momanyi alitaka kujua kama hilo la mwisho ni mila au ni woga. Farhiya alisema fomu haina nafasi ya kutofautisha.

Manasseh Onyiego alijiandikisha tena, mstaafu sasa, bila tai. Swali jipya la fomu aliliacha wazi. Mfumo ulimweka juu ya Istarlin, mwalimu kijana wa Kisii mjini ambaye hakuwa na ukoo naye kwa upande wowote ule, na Alhamisi ya kwanza Istarlin alimwandikia kwamba maelezo yake ni ya miaka ya tisini. Kisha akamuuliza swali gumu. Katika muhula mzima wa mwaka uliotangulia hakuna mtu aliyewahi kumwandikia Manasseh kwamba amekosea. Jumamosi jua lilipozama tu, Sabato ikiisha, aliketi akajibu kurasa mbili, zenye nukuu, na Farhiya akampa alama nne kwa kumi.

Manasseh alipiga simu Jumapili asubuhi.

"Mwalimu, huyo msichana amenionea, na wewe umemsaidia."

"Ulimjibu?"

"Nimemjibu kurasa mbili."

"Ulijibu swali jingine, mwalimu. Yeye ameuliza la kwake. Lisome tena. Mlango haujafungwa."

Alikata simu bila kuaga. Mchana jibu jipya lilionekana, aya moja tu, na lilianza kwa kusema kwamba hapo mwalimu Istarlin amempata. Farhiya alilisoma mara mbili akaweka saba. Manasseh aliona ingefaa kuwa nane, na aliandika sababu zake.